Steringi Hachelewi

Juzi nilimkaripia mwanangu bure, na mpaka leo sijamwambia kwa nini. Alikuwa sebuleni, hapa kwetu Tabata, kaweka filamu mpya ya Kihindi, hizi za kusini zinazowatia wazimu vijana siku hizi. Nami nikakaa nitazame, maana usinione hivi, mie filamu za Kihindi nimezianza kabla baba yake hajajua kufunga kamba za viatu. Na sisemi ni mbaya. Wanajua kupiga picha, jamani. Vumbi likinyanyuka unataka kupiga chafya, na steringi akiingia kwa mwendo ule wa polepole, hata mtu mzima unajikuta umekaa sawa. Halafu wanaheshimu mama zao, hilo nalipenda. Lakini ngumi moja, watu kumi na wawili juu ya paa! Nyimbo wamezipunguza, au huyu anayetafsiri kwa Kiswahili ndiye anayezikata, sijui. Kelele mwanzo mwisho. Yote hayo nilivumilia. Ila ilipofika pale mwanamke kafungwa kamba, moto unamkaribia, na steringi bado yuko mbali, mwanangu akacheka akasema, "Usiogope, mama, atawahi tu." Nikachukua rimoti nikazima. "Nenda kasome huko!"

Masikini, hakuwa na kosa. Ngoja nikueleze wewe.

Tulikuwa tunakaa Temeke, chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji sita, kipindi kile cha ruksa, vitu vya nje vimeanza kujaa madukani. Jirani yetu, Mwarabu wa duka, alikuwa na televisheni na deki ya video, na kila Jumapili baada ya Alasiri alivitoa barazani, watu wakatandika mikeka. Nakumbuka mikono yake inavyonuka mafuta ya taa, bisi za mkewe zikirukaruka kwenye sufuria, na sauti ya kanda ikirudishwa nyuma huku sie watoto tunapigana vikumbo kugombea mbele. Filamu zenyewe tulizigawa mafungu mawili: za Bombei, na za masharubu. Za masharubu ndizo za kusini. Steringi wake ana kitambi, masharubu kama mswaki, anaongea haraka haraka mpaka mke wa Mwarabu, aliyejua Kihindi kidogo cha dukani, anaduwaa kama sie. Hakuna aliyeelewa neno hata moja, na hakuna aliyeondoka kabla haijaisha.

Baba alikuwa mtu wa ngumi. Wimbo ukianza, anatoka kwenda kuvuta sigara. Mama alikuwa mtu wa nyimbo. Ngumi zikianza, anarudi uani kugeuza maharage. Kwa hiyo kila mmoja alikuwaga anaona nusu. Wakati wa kula, baba anamsimulia mama nani kamuua nani, mama anamsimulia baba yule binti alivyolia kwenye mvua, na kila mmoja anaiona nusu ya mwenziwe ya kipuuzi.

"Watu ishirini wazima wanasubiri zamu ya kupigwa, hawana kwao?" anasema mama.

"Na wewe unamlilia mtu anayebadilisha sari mara nane kwenye wimbo mmoja!"

Mie katikati, mkono kwenye sinia, nacheka mpaka mchuzi unanitoka puani. Wale watu walikuwa wanapendana, nakwambia.

Kisha kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba kikafungwa. Baba akawa mtu wa kukaa kwenye kiti anatazama ukuta. Mama akaanza kupika vitumbua vya kuuza, na baba akaona kama anasimangwa. Neno likaleta neno, na asubuhi moja, nguo zikiwa bado kwenye beseni, baba akatamka talaka. Moja tu. Mama alimaliza kufua. Siku ya nne bibi, mama yake mama, akaja kumchukua wakaenda Buguruni. Mie nikabaki na baba kwa sababu ya shule, na kila Jumamosi nakwenda kwa mama.

Bibi hakuwa mtu wa kuwaficha watoto mambo. Alinieleza kwamba mama yuko eda, miezi mitatu. Ndani ya miezi hiyo baba akitaka kumrejea anamrejea, hakuna posa wala mahari mapya. Ikiisha, "Ndiyo basi tena, mjukuu wangu, mama yako ni mtu baki kwake." Nikaanza kuchora mistari ya chaki nyuma ya mlango wetu, kila siku mmoja.

Mwezi wa tatu wa eda, baba ananimiminia chai, akasema bila kunitazama: "Kamuulize mama yako, nikimfuata Buguruni atanifungulia mlango, au nitaonekana mwehu?"

Moyo uliniruka! Nilitakiwa nikaseme Jumamosi ile ile. Sikusema. Kwa hesabu yangu zilikuwa zimebaki wiki mbili, na mie nilishajua mambo yanavyokwenda. Umewahi kuona steringi anafika mapema? Akifika moto haujawaka, nani atapiga makofi? Nilitaka nifike siku ya mwisho kabisa, bibi keshakata tamaa, mama analia, niingie mbio nitamke maneno yale wote wapige vigelegele. Usinicheke. Nilikuwa na miaka kumi. Baba aliponiuliza nikamwambia, "Bado, baba. Jumamosi ijayo." Na Jumamosi hiyo mama alinisuka, magoti yake yamenibana mabega, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba yako anakula?" Nikasema anakula. "Hajasema kitu?" Nikatikisa kichwa, nacho kilikuwa mikononi mwake. Akaendelea kusuka.

Siku niliyodhani ni ya mwisho nilikimbia kweli kweli, toka Temeke mpaka Buguruni, ndala mkononi. Uani kwa bibi palinukia pilau. Mlangoni pamepangwa viatu vya wanaume. Mjomba alikuwa ndani na wazee watatu wageni, wanakunywa kahawa na kuulizana koo. Wameleta posa ya mama. Kumbe mie nilihesabu toka siku mama alipoondoka, na eda huhesabiwa toka siku talaka ilipotamkwa. Zile siku nne alizokaa mle chumbani akingoja baba abadili kauli, sikuzichora.

Bibi akanipa sahani jikoni. Nikala, wallahi nikala yote, nisiseme kitu. Jioni baba akauliza, "Mama yako kasemaje?" Nikajibu, "Hajasema kitu." Na ilikuwa kweli, hilo ndilo linalonichoma. Baba akasema, "Haya." Angeweza kupeleka posa upya kama wengine, lakini alijua keshakataliwa. Na mama aliolewa akijua hakuulizwa.

Baraza lile sasa limezungushiwa vyuma, Mwarabu na mkewe walihamia Uarabuni, kanda sijui zilitupwa wapi. Nikipita naumia, lakini hayo ni maumivu ya kawaida, kila mtu anayo.

Baba alikufa hajui. Baada ya arobaini yake, mama, naye keshafiwa na mume wa pili, alikuja kukaa nami siku chache. Alikuwa anachagua mchele. Nikakaa chini mbele yake nikamweleza yote, nalia kama mtoto, nangoja anizabe kibao. Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Kwa hiyo aliuliza?"

"Aliuliza, mama."

"Alisema kama nitamfungulia mlango?"

"Ndiyo."

"Na mwehu, alisema?"

"Alisema."

Akaweka ungo kando, akavuta khanga akafunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha akalia.

"Ningemfungulia," akasema. Akapangusa macho, akanitazama. "Hebu sema tena. Sema kama yeye alivyosema."