Ukimkuta Chali Usimguse

Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye shirika la umma, alikaa nyumbani miezi mitatu akisikiliza redio. Zilikuwa enzi za ruksa, na kila mtu mjini Songea alikuwa anauza kitu: mitumba, betri, sabuni za nje. Yeye akaja na buibui.

Alikuwa amekutana na mnunuzi kutoka Arusha aliyekusanya vinyonga na kobe kupeleka Ulaya. Huyo bwana alimwambia kwamba Wazungu wanafuga hata buibui, wale wakubwa wenye manyoya wanaochimba mashimo, na wanawaweka sebuleni kabisa. Mume wangu akaenda kijijini Mpitimbi na jembe, akarudi na kumi na wawili ndani ya makopo ya maziwa ya unga.

"Utawaangalia," aliniambia. "Kazi yenyewe ndogo."

Mama mkwe, ambaye tulikuwa tukiishi naye sisi na watoto wetu, alifanya ishara ya msalaba, akahamishia kiti chake jikoni.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani nilinyunyizia udongo wao maji kidogo. Nikirudi niliwatafutia mende chooni na nyenje kwenye majani. Mume wangu alikuwa akitafuta buibui wengine, au akisema anatafuta.

Baada ya wiki kadhaa mmoja aliacha kula. Tumbo lake likavimba, likawa jeusi, linang'aa. Akatandaza utando wake kama mkeka, akalala juu yake chali. Nikajua amekufa. Nilichukua kijiti nimtoe, mguu mmoja ukatikisika. Nikaweka kijiti chini, nikavuta kigoda, nikakaa kumtazama mpaka ugali ukaungua. Ngozi ilipasuka, naye akaanza kujitoa polepole, mguu kwa mguu, kama mtu anayevua soksi zilizolowa. Alipomaliza niliona kama wapo wawili: ngozi tupu yenye miguu yote na hata meno, na yeye mwenyewe pembeni, amepauka, laini, hoi.

"Amezaa," alisema mama mkwe kutoka mlangoni.

"Hajazaa, mama. Amejivua."

Kwa furaha nikampa nyenje mnono. Asubuhi nilimkuta amekufa, nyenje amemtoboa tumbo. Ndipo nilipoelewa. Buibui aliyejivua hana silaha, maana meno yake nayo ni mapya, meupe, hayang'ati kitu. Hapewi chakula wala hashikwi mpaka yamegeuka mekundu, kisha meusi. Nilijifunza pia kwamba ukimkuta chali usimguse, hata roho ikikuuma vipi. Mmoja aliyekuwa amekatwa mguu na jembe alijivua, akatoka na mguu mpya, mfupi kidogo. Nilimwita mume wangu aje aone. Alisema ataona baadaye.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, watano walijivua ndani ya wiki moja. Wiki hiyohiyo mnunuzi alituma ujumbe kwamba yuko Dar es Salaam na anawahitaji.

"Hao watano waache," nilimwambia mume wangu. "Bado laini. Watakufa njiani."

"Buibui ni buibui."

"Wasubiri wiki mbili tu, baba."

"Mke wangu, wewe ulisomea buibui wapi?"

Akawafunga kwa pamba mmoja mmoja, akapanda basi.

Wote watano walikufa kabla ya kufika. Mnunuzi aliwachukua wale wagumu, akamtukana kwa hao wengine. Mume wangu aliporudi aliwaita kaka zake wawili, akawaeleza mbele yangu kwamba nimemharibia biashara kwa kuwanyima buibui chakula. Ilikuwa kweli sikuwapa chakula. Nilipoanza kueleza kwa nini, kaka mkubwa akasema, "Shemeji, omba msamaha tuyamalize." Nikapiga magoti, nikaomba msamaha.

Hata hivyo niliendelea kuwatunza wengine aliowaleta, kwa sababu wanyama hawakuwa na kosa, na kila mmoja alipojivua nilimrudia mume wangu maneno yaleyale: asimguse, asimpe chakula. Mwaka uliofuata mnunuzi alikuja mwenyewe Songea. Alifungua kopo moja moja, akashangaa kuona wote wazima.

"Wengine wananiletea maiti," alisema. "Wewe unafanyaje?"

Nilikuwa naleta chai. Mume wangu akakaa vizuri kwenye kiti. "Siri ni kujivua," alisema. "Ukimkuta chali usimguse. Na usimpe chakula mpaka meno yawe meusi."

"Haya ulijifunza wapi?"

"Kwa kuangalia tu. Inataka subira."

Niliweka vikombe mezani. Mama mkwe alinitazama, kisha akatazama chini. Mgeni alipoondoka nikamuuliza, "Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Ni mume wako. Sifa yake si yako pia?"

Yule mnunuzi alimchukua mume wangu kwenda Arusha kutunza buibui wake wote. Mume wangu aliahidi kutuita kabla ya Krismasi. Krismasi mbili zikapita. Tulisikia kwa watu kwamba ana mwanamke huko, na mtoto. Mama yake nilibaki naye mimi, nikamuuguza mimi, na nilipomwandikia mwanawe kuhusu mazishi hakufika.

Miezi kadhaa baada ya mazishi ikaja barua. Mwandiko wa mume wangu niliutambua kwenye bahasha, nikaifungua. Hakuuliza kuhusu kaburi. Hakuuliza kuhusu watoto. Alitaka kujua mtu afanye nini buibui akikwama katikati ya kujivua, miguu imegoma kutoka, maana tajiri wake amekasirika.

Jibu nililijua. Niliikalia barua ile siku tatu. Siku ya nne niliandika kwamba alowanishe ngozi kwa maji ya vuguvugu akitumia unyoya wa kuku, asivute, angoje. Nikaipeleka posta mwenyewe.

Hakuandika tena, hata kusema ahsante.