Siku Redio Iliponiuliza Kama Ningali Hai

Siku yangu ya kwanza katika kikosi cha mawasiliano, sajini mkufunzi alituvika hedifoni masikioni, akatuacha tusikilize mvumo mtupu mpaka jasho likatutoka. Kisha akasema, "Kuanzia leo nyinyi si watu. Nyinyi ni waya. Waya haupunguzi neno, hauongezi neno, wala hauulizi neno ni la nani." Mimi nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu, nikiamini kwamba nchi husimama kwa watu wanaotimiza wajibu wao hata wasipoonwa. Maneno yale niliyapokea kama kiapo.

Vijana wanaoingia kazi hii leo huniuliza tulifanyaje. Ujumbe haukusemwa wazi hewani. Kwanza uligeuzwa kuwa mafumbo, yaani makundi ya tarakimu yaliyobadilishwa kila siku kwa kufuata kitabu maalumu. Kisha ukapigwa kwa kitufe, nukta na vistari, hadi kituo kikubwa kilichoupeleka mbele. Vituo viliitana kwa saa zilizopangwa. Kituo kisichoitika kwa saa yake kilihesabiwa kuwa kimepotea hadi kisikike tena.

Nilipangwa kwanza kituo cha Malindi. Kutoka hapo nikahamishiwa kambi ndogo kaskazini mwa Mto Tana, katika miaka ile ya themanini ambapo majangili wenye bunduki walivamia magari na vijiji. Magazeti yaliiita operesheni. Sisi tuliolala na buti miguuni tuliiita vita. Mkuu wa kambi alikuwa luteni kutoka bara, mtu mkavu na mwadilifu.

Nyumbani Takaungu nilikuwa nimemwacha mchumba wangu, Rukia. Posa yangu ilikuwa imekubaliwa na ami yake, aliyesimama badala ya babake marehemu. Tuliwasiliana kwa kaseti. Yeye alirekodi sauti yake kwao, lori la chakula likaileta kutoka Malindi, nami nikarekodi jibu kwa redio-kaseti niliyokwenda nayo, likarudi kwa lori lile lile. Kila kaseti ilisikilizwa kwanza na luteni, maana ilimpasa kuhakikisha kwamba hakuna siri inayotoka wala kuingia.

"Huyu bibi yako anasema ami yake atasafiri mtondo," aliniambia siku moja, kaseti mkononi. "Mtondo ni mji gani?"

"Si mji, afande. Kuna kesho, kesho kutwa, kisha mtondo."

"Na baada ya mtondo?"

"Mtondogoo, afande."

"Nyinyi watu wa pwani mna siku nyingi kuliko sisi," akasema, akinirudishia kaseti. "Ndiyo maana hamna haraka."

Asubuhi moja tulishambuliwa. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu wetu, lakini mlingoti wa antena uliangushwa na jenereta ikatobolewa, nasi tukawa kimya. Nilipofaulu kuiunganisha mitambo, Malindi waliniuliza mara mbili jina la siri la kituo chetu kabla ya kuniamini. Jeshi likajua kwamba tuko. Madereva wa malori, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kuifikisha mjini habari nyingine, kwamba kambi imeteketea na mtu wa redio amekufa. Habari hiyo ilishuka hadi Takaungu, na hapakuwa na wa kuikanusha.

Mimi sikuyajua hayo mpaka lori lililofuata lilipoleta kaseti.

"Athumani," ilisema sauti ya Rukia, "hapa umesomewa hitima. Mimi chakula chake sikula. Askari akifa vitu vyake hurudishwa kwao, na redio-kaseti yako haijaletwa; kwa hivyo naona ungali nayo, nami nasema nawe. Ami amepata posa nyingine, ya mfanyabiashara wa Malindi. Nimemwambia siolewi mpaka serikali itamke kwamba umekufa. Amenipa muda hadi Shaaban iandame, hazidishi siku. Nakwenda Kilifi kwa Mkuu wa Wilaya. Kama wanisikia, nawe fanya uwezalo."

Mwezi wa Rajabu ulikuwa ukingoni. Nilikwenda kwa luteni.

"Afande, ile kaseti umeisikia. Naomba kutuma neno moja nyumbani."

"Neno gani?"

"Kwamba niko hai."

"Kila mtu hapa ana mtu anayetaka kuambiwa neno hilo. Nikikufungulia wewe, nitamfungia nani? Andika barua, lori litaibeba."

"Lori limekwama, afande. Mto umefurika."

"Basi kaulaumu mto. Rudi zamuni."

Nikarudi. Huko Malindi aliyekuwa zamuni ni koplo niliyemfundisha mwenyewe. Angelipokea neno lolote kutoka kwangu bila kuuliza. Lakini majangili waliokuwa msituni nao walikuwa na redio, na maongezi ya nyumbani ndiyo wanayoyafuata wanapotafuta kambi ilipo. Wenzangu walilala usiku wakiamini kwamba mimi sitawauza kwa sababu ya harusi. Niliuondoa mkono kwenye kitufe, nikaukalia.

Shaaban ikiwa karibu kuandama, ujumbe ukaanza kuingia. Niliziandika tarakimu, nikakifungua kitabu cha mafumbo, nikazigeuza moja moja kuwa herufi. Nambari ya askari ilikuwa yangu. Jina lilikuwa langu. Kisha yakafuata maneno: mke wake anauliza kupitia Mkuu wa Wilaya, Kilifi, yu hai au amekufa, jibuni upesi.

Opereta haruhusiwi kujijibia. Kila jibu huandikwa na kutiwa saini na mkuu wa kambi. Nilikimbia kwa luteni, nimesahau kuvua hedifoni, waya ukiburutika nyuma yangu.

Aliisoma karatasi, akanitazama kutoka buti hadi kofia.

"Uko hai?"

"Ndiyo, afande."

"Una hakika? Hili ni jambo rasmi."

"Nina hakika, afande. Lakini ujumbe una kosa. Umesema mke, nami sijaoa. Naona ni wajibu wetu kulisahihisha."

Luteni akaiweka kalamu chini. "Athumani, tumeulizwa kama uko hai. Hatukuulizwa kama umeoa. Wataka nijibu nisichoulizwa?"

"La, afande."

"Basi nyamaza, uhesabike miongoni mwa walio hai."

Akaandika: yu hai, mzima, yuko kazini. Niliyageuza maneno hayo kuwa tarakimu, nikayapiga kwa mkono wangu. Malindi walipojibu kwamba wamepokea, nilitoka nje ya hema nikaketi mchangani.

Nilipopata likizo, ami yake Rukia alinipokea barazani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hitima yako tumeshaisoma na pilau yake tumeshaila. Ukifa tena, hatukusomei."

Kicheko cha Rukia kilisikika nyuma ya pazia la mlango. Baada ya nikahi ndipo aliponieleza lile neno lililonitatiza. Karani wa Kilifi alimwambia kwamba wachumba hawaulizi habari za askari. Waulizao ni wazazi na wake. "Nikamwambia, basi andika mke, yaliyobaki nitamalizana naye mwenyewe."

Nilihudumu vituo vingine vingi baada ya hapo, nikafundisha, nikastaafu nikiwa sajini mkuu. Mitambo ilibadilika mara nyingi mikononi mwangu. Jambo moja sikulibadilisha: swali la jamaa wa askari lilipoingia zamuni mwangu, sikulilaza mezani. Nililipeleka kwa mkuu nikikimbia, na waliokuwa chini yangu niliwafundisha wakimbie vivyo hivyo, kwa kuwa nilijua kwamba Takaungu au Ganze yuko mtu aliyekataa kula hitima.

Sasa tumezeeka pamoja. Wajukuu wakimuuliza Rukia aliolewa lini, huitaja siku aliyokwenda Kilifi. Mimi huitaja siku ya nikahi. Hatujasikizana bado, na sioni haja ya kumsahihisha.