Mtamba wa Mkwe na Gia Zake

Mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu wa mwisho, anakaa mjini, Makole, na anafanya kazi ofisini Mtumba. Wenzake wanakwenda kwa gari. Yeye anakwenda kwa baiskeli ya mbio, ile yenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Haibebi gunia wala mtu. Niliona ni mchezo, lakini si yangu, nikanyamaza.

Nilishindwa kunyamaza alipotaka kuuza mtamba ili abadilishe gia.

Mtamba ni wake, kamnunua mwenyewe. Ila anakaa zizini kwangu kijijini, na kwetu Ugogoni ng'ombe aliyewekwa kwa mtu ana taratibu zake. Mwenye ng'ombe anapata ndama, mtunzaji anapata maziwa. Na mnyama hatoki zizini mpaka mtunzaji aridhike na sababu. Huyo mtamba alikuwa na mimba, na mimi nilikuwa nimeshaosha kibuyu. Naliweka wazi hilo ili msomaji ajue nilisimama upande gani. Nilisimama upande wa maziwa.

Wakaja Jumapili baada ya ibada, mke na mume. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani bila mtu wa katikati. Wengi wa mjini wameacha. Wangu anashika, namshukuru kwa hilo. Akakaa nje nyuma ya ukuta wa jiko, mimi nikawa ndani, binti mlangoni. Tulikuwa tunasikiana hata mtu akimeza mate.

"Mwambie mama," mkwe akaanza, "gia nilizonazo ni nzito. Kuna mwinuko njiani, na asubuhi upepo unanijia usoni. Magoti yananiuma."

"Mama, anasema gia..."

"Nimesikia. Muulize hizo mpya zitamsaidia nini."

"Mwambie mama, gia kubwa ya nyuma niliyonayo ni kama kifuniko cha chupa ya chai. Hiyo mpya ni pana kama sahani. Ikiwa pana, mguu unazunguka kwa wepesi mlimani."

"Muulize, mguu ukiwa mwepesi anafika mapema?"

"Mapema kidogo."

"Na akifika mapema anafanya nini?"

Binti ndiye aliyejibu. "Anasubiri mlinzi afungue geti, mama. Hata sasa huwa anasubiri."

Nikajua kesi imekwisha, nikaanza kuchochea moto. Ndipo mkwe akatoa lililokuwa moyoni.

"Mwambie mama kuna mzee ofisini, karibu anastaafu. Naye ana baiskeli. Kila asubuhi ananipita palepale kwenye mwinuko. Na kwa kuwa ni mzee, lazima nimwamkie. Pumzi sina. Shikamoo inatoka nusu, nusu nyingine naimalizia ameshafika mbali. Yeye anaitika marahaba huku anapiga mluzi."

Binti akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Magoti yana dawa, lakini kupitwa kila siku na babu anayepiga mluzi, hiyo ni aibu ya mwanamume, na mwanamume huyo anakula kwa binti yangu.

Nikasema, "Mwambie, mnadani ng'ombe anatembezwa ndipo ananunuliwa. Alete gia za namna hiyo nizione zikipanda kilima."

Jumapili iliyofuata akaja na gari la kukodi, baiskeli mbili nyuma. Moja yake, nyingine ya kuazima. Kaazima kwa nani? Kwa mzee yuleyule anayempita, maana yake ndiyo yenye gia pana. Nikaona kweli huyu mtu ana shida.

Kilima kiko nyuma ya nyumba yangu, njia inaishia kwenye ghala. Tatizo likawa nguo. Alivaa kaptura yake ya kuendeshea, nyeusi, ya kubana. Sitaieleza. Inatosha kusema kwamba kaptura ile haimfichii mtu siri. Mama mkwe hawezi kukaa kutazama kitu kama hicho, kwa hiyo nikageukia ukuta wa ghala, nikajitanda khanga mpaka machoni. Nikachukua karanga na kikombe. Binti akipaza sauti kwamba ameanza kupanda, naanza kumenya na kutia kikombeni. Akifika, naacha. Kikombe ndicho kitakachosema.

Akaanza na gia zake. Nilimsikia tangu chini, anahema kama mvukuto wa mhunzi, baiskeli inalia, mbuzi wakahama njia. Alipofika, kikombe kilikuwa kimejaa robo tatu.

Akarudia na baiskeli ya mzee. Safari hii sikusikia kitu, ila tiki tiki ndogo kama panzi. Kikombe kilifika nusu.

"Tofauti ni ndogo," nikasema.

"Mama, raundi ya kwanza ulikuwa unakula."

"Nilikuwa naonja."

"Maganda hayo yamekufikia vifundoni."

"Mwambie mama," sauti ya mkwe ikatokea nyuma yangu, "maganda nayo yapimwe."

"Mwambie mume wako avae suruali kwanza."

Akavaa. Sasa mimi ni mkali, lakini si mwongo. Karanga ziwe zimeliwa au hazikuliwa, mara ya pili mtu yule hakuhema. Nikamwambia binti: "Mwambie gia zinafaa. Lakini zinafaa kiasi cha mtamba? Mtamba anazaa. Gia haijawahi kuzaa. Tungoje. Akizaa jike, mama na ndama wanabaki zizini na asinitajie gia tena. Akizaa dume, litakua, litakwenda mnadani, na hela yake ni ya gia."

"Muulize mama, dume linachukua muda gani kukua?"

"Mwambie inategemea linakula nini."

Mvua zikaja, mtamba akazaa alfajiri. Nikainama kutazama. Dume. Nikaenda upande wa pili nikatazama tena. Dume vilevile. Nikampigia binti simu, na nyuma yake nikamsikia mtu anacheka peke yake jikoni.

Tangu hapo mkwe anakuja kila Jumamosi kwa baiskeli yake hiyohiyo, ana begi la mashudu ya alizeti mgongoni, na mzigo ule njiani unazidi kummaliza. Siku za kazi mzee bado anampita. Anakaa zizini anapima kifua cha ndama kwa kamba, anaondoka ameridhika.

Jumamosi iliyopita alikaa tena nyuma ya ukuta wa jiko.

"Mwambie mama, ndama anakua polepole. Naona anakamuliwa maziwa mengi."

"Mwambie mtunzaji anapata maziwa. Ndiyo utaratibu."

"Mwambie mama utaratibu naujua. Ila yale maziwa anayokunywa mama ni gia zangu."

Binti akatutazama, huku na huku, akasema yeye amechoka kubeba maneno ya watu wawili wenye midomo yao, akaenda kuchota maji. Tukabaki bila mtu wa katikati. Ikabidi kila mmoja aseme na ukuta.

Nikauambia ukuta kwamba asubuhi nitakamua mimi. Ukuta ukajibu kwamba jioni basi ndama aachiwe anyonye, ziachiwe gia.

Nikauambia, sawa.