Jina la Tatu la Oliva

Mimi ni Restituta wa Endasak. Niliolewa kwa Wabarabaig nikiwa msichana, nikakuta shamba dogo na ng'ombe wengi. Siku hizi ni kinyume. Mume nimemzika. Mwanangu Gervasi na mkewe nimewazika, wakaniachia Oliva akiwa anatambaa. Mahindi nalima mwenyewe, sijawahi kuomba chumvi kwa mtu.

Nilidhani Oliva ni wangu. Kumbe mahakamani mlezi wake ni Joakimu, mtoto wa shemeji yangu. Kwenye msiba wazee walisema mlezi aandikishwe mwanaume. Nikakubali, maana maandishi hayapiki uji. Joakimu akahamia Mbulu, akafungua hoteli ya chai. Hakumletea mtoto hata kandambili. Mwaka huu Oliva yuko darasa la sita, simu ikalia.

"Mama mkubwa, nakuja kumchukua Oliva. Akanisaidie hotelini."

"Na shule?"

"Mlezi wa kisheria ni mimi."

Nikapanda bodaboda mpaka Katesh kwa Shamsia, dada wa ustawi wa jamii.

"Shikamoo bibi. Mahakama ilimweka, mahakama inaweza kumwondoa kama hamtunzi mtoto. Utaomba."

Nikachanganyikiwa. Kama unavuliwa na kuvaliwa, ulezi ni koti? Lakini nikaomba.

Siku ya kesi tuliketi chumba kidogo cha mahakama. Hakimu kijana, mwenye miwani.

"Bibi, taja majina matatu ya mtoto."

"Oliva Gervasi."

"La tatu?"

La tatu ni la baba mkwe wangu. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe, awe hai, awe amekufa. Hata neno linalofanana nalo analikwepa. Tangu niingie boma lile halijatoka mdomoni mwangu, na hapa siliandiki.

"Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi litaje."

"Sitaji."

Nilidhani anaelewa. Nani asiyejua jambo kama hilo? Joakimu akacheka. "Mheshimiwa, unaona mwenyewe. Jina la mtoto hajui, ndiye atamlea?"

Na yeye kazaliwa boma hilo hilo! Mama yake hakulitaja mpaka anaingia kaburini. Nilimtazama nikaona kama simfahamu.

Shamsia akaninong'oneza, "Bibi, sema basi, utampoteza mtoto."

Nikilitaja, nimemvunjia mzee heshima. Nisipolitaja, Oliva anakwenda kuosha vikombe Mbulu.

Hakimu akaagiza Oliva aitwe. Akamuuliza majina, akayataja yote matatu, sauti safi. Mimi nikainamisha kichwa.

"Mbona bibi yako hajui la mwisho?"

"Analijua. Ni la mkwe wake, hawezi kulitaja. Bibi zetu wote wako hivyo. Baba Joakimu anajua."

Hakimu akageuka. "Ni kweli?"

"Mila za zamani hizo, mheshimiwa."

"Sikukuuliza ni za lini. Mtoto yuko darasa la ngapi?"

Joakimu akakuna shingo. "La nne. La tano hivi."

"La sita," Oliva akasema.

Shamsia akatumwa kuja kukagua kwangu, akaona kitanda cha mtoto, akala na ugali. Tulipoitwa tena hakimu akasoma: Joakimu ameondolewa, mlezi ni mimi.

"Bibi, kuanzia leo wewe ndiye mlezi wa Oliva."

"Na jana nilikuwa nani?"

Akavua miwani, akaifuta. Mpaka leo sijapata wa kunijibu. Uji nimepika mimi, homa nimekesha nayo mimi, halafu naanza leo?

Nje Joakimu alikuwa kwenye pikipiki yake. "Shikamoo, mama mkubwa."

Sikujua kama nimwitikie au nimpite. Nikasema marahaba, kwa ukali, akaondoka.

Oliva akanishika mkono. "Bibi, nimwite baba bado?"

Nikamwambia sijui, hakimu hakusema.