Thelma Holroyd na Vyoo vya Soko

Kila mtu hapa Cragden anajua kusema nchi imekwisha. Treni ikichelewa, nchi imekwisha. Daktari wa meno hapatikani, nchi imekwisha. Barabara ina shimo la kumeza baiskeli, ndiyo basi, Uingereza imekwisha, nimiminie chai. Neno hilo linasemwa kwa starehe kabisa, kama watu wanaozungumzia mvua. Nami nililisema sana nikiwa nyuma ya meza yangu ya jibini sokoni, mpaka Thelma Holroyd aliponiziba mdomo.

Thelma alizaliwa kwenye zile nyumba zilizobanana nyuma ya kiwanda cha pamba, mtaa ambao ukikohoa chumbani kwako jirani anakupa pole. Shule aliiacha mapema, akaingia kiwandani alimokuwa mama yake. Kiwanda kilipofungwa, halmashauri ikampa kazi ya kusafisha vyoo vya umma sokoni. Wenzake wakamcheka.

"Kutoka kwenye pamba mpaka kwenye mavi, Thelma!"

"Pamba ilinipa kifua," akawajibu. "Mavi yana mshahara na likizo."

Na alivisafisha hasa. Mabomba yaling'aa mpaka unajiona meno. Redio iliimba dirishani. Wahuni walioingia kuvuta bangi walitoka mbio na ufagio uliolowa maji mgongoni. Ukitoka bila kunawa, anakuita mbele ya soko zima: "Wewe mama wa kofia ya kijani! Mikono hiyo ndiyo unaendea kushika mkate?" Mumewe Derek, dereva wa lori, alipenda kusema kwamba yeye hakuoa, aliandikishwa jeshini. Derek alipofariki, Thelma alirudi kazini wiki ileile ya mazishi. Alisema kibofu cha mtu hakijui msiba.

Kisha vikafungwa. Asubuhi moja tukakuta kufuli na karatasi: VIMEFUNGWA KWA MUDA. Halmashauri ilisema haina fedha. Fedha ya kusimamisha sanamu ya chuma mbele ya ukumbi wa mji ilipatikana, sanamu inayofanana na kiti kilichogongwa na gari, lakini ya sabuni ikakosekana. Thelma akapewa keki na kadi, akaambiwa asante kwa utumishi wako. Karatasi ile ilipauka kwa jua, wakabandika nyingine. Nayo ikapauka. Wakaweka ya plastiki. Ukiona mtu anaandika "kwa muda" kwenye plastiki, ujue anakuona mjinga.

Soko likaanza kufa, na lilianza kwa wazee. Wale waliokuwa wakija Alhamisi, wakazunguka polepole, wakanunua kipande cha jibini kwangu, soseji za damu kwa Barry mwenye bucha, wakakaa na umbea mpaka saa saba, wakapungua mmoja mmoja. Wakipungua wazee, na mabinti zao wanaowasindikiza hawaji. Meza zikafungwa upande wa kanisani, kisha upande wetu.

Halmashauri ikaleta mtaalamu kutoka Manchester, ana kompyuta na viatu visivyo na soksi, awaulize watu kwa nini hawaji tena mjini. Watu wakamjibu. Mmoja akasema maegesho. Mwingine akasema mtandao, siku hizi kila kitu kinaletwa mlangoni. Mwingine magoti. Mtaalamu akaandika kwamba tabia za wanunuzi zimebadilika na hazitarudi, akalipwa, akaenda zake.

Wote walidanganya! Sisi watu wa huku tunaweza kumweleza mtu tusiyemjua habari za kifo cha mama yetu, talaka ya dada yetu, hata mbwa wetu alivyotapika kwenye zulia. Lakini kutamka "siji mjini kwa sababu kibofu changu hakinipi nusu saa"? Bora mji ufe. Na mji ulikuwa unakufa kweli, tumekaa tunautazama, tumebana mapaja. Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Sisi tuliuficha mpaka soko likakosa watu.

Thelma hakuhitaji kuulizwa. Alikuwa na ufunguo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Siku moja ya Alhamisi akaja na ndoo yake, dawa yake na magoti yake mabovu, akabandua ile plastiki, akafungua. Hakutangaza kitu. Mwezi haukuisha, wazee wakaanza kurudi. Nilianza tena kuagiza lile jibini jeupe linalomeguka. Barry alianza tena kutukana wateja, dalili njema.

Mnajua halmashauri ilifanya nini? Laiti wangemshtaki! Wao walimsifu. Miezi ikapita, Thelma anasugua bure, akaja Diwani Gareth Pomfret na mpiga picha na chungu cha maua.

"Huu ndio moyo wa Cragden!" Pomfret akasema, mkono begani mwa Thelma. "Wananchi hawasubiri serikali. Wanajitolea!"

Tukapiga makofi. Msaragambo mtamu huo, mmoja analima na kijiji kizima kinapiga makofi. Picha ikapigwa. Pomfret akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu, na masikio yangu hayana adabu.

"Thelma mpenzi, tumekuwa tukifikiri. Kwa kuwa hapa mambo yamekwenda vizuri mno, labda ungetuangalizia na vile vya bustani? Na vya stendi ya mabasi?"

Thelma akamtazama kama anavyotazama sakafu yenye tope.

"Kwa mshahara?"

"Tungeita mchango wa jamii."

"Na wewe, mheshimiwa, udiwani unaufanya kwa mchango wa jamii?"

"Kuna posho kidogo, lakini si hoja."

"Kwako si hoja." Akamrudishia maua. "Shika. Hayo yanahitaji maji, na maji nimeyafunga."

Akatoa watu waliokuwa ndani, "maliza mama, maliza, suruali utafunga nje," akapiga kufuli mbele ya diwani. Akaondoka na ndoo yake.

Sasa hapa ndipo damu yangu inapochemka mpaka leo. Mtu anayefanya kazi bure akigoma, mnadhani watu watamkasirikia nani? Pomfret? Thubutu! Walimkasirikia Thelma. Mbinafsi. Anaringa. Ana pensheni, anataka nini tena? Barry alisema angemnyima hata mfupa wa mbwa. Wanawake wa kanisani waliokula keki zake kila Krismasi walivuka barabara wasimsalimie. Nami nilimfuata kwake nikiwa nimefura.

"Thelma, unatuua! Leo nimeuza vipande viwili, na kimoja kimerudishwa."

"Mimi ndiye ninayekuua?"

"Nani kafunga?"

"Nimefunga mlango wa mtu mwingine, Lorraine. Mwenyewe analipwa aufungue."

"Ndiyo hali ilivyo, shoga. Nchi imekwisha. Mambo yale hayarudi. Afadhali tushike kidogo tulichonacho."

Akaweka birika chini kwa kishindo.

"Imekwisha vipi? Kama sukari? Mvua inanyesha yenyewe, Lorraine. Choo hakijifungi chenyewe. Kuna mkono uliofunga, una saa na pete, na kesho mwenye mkono huo ana kikao na sambusa— hapana, siku hizi wanakula vile vimkate vidogo visivyo na maganda. Wewe kila ukisema imekwisha, unampa likizo."

"Maneno mazuri. Na wazee je?"

Hilo lilikuwa linamla, nililiona. Hakunipa hata chai.

Wiki hazikuwa nyingi, akaja Mzee Cyril Nuttall. Cyril aliendesha basi la mji huu mpaka alipostaafu, kisha akatibiwa tezi dume, na tangu hapo kibofu kinamwendesha yeye. Bado alivaa tai kuja sokoni. Alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, anachagua, mara nikaona rangi imemtoka.

"Mpenzi," akaniambia polepole, "wale wa mgahawa watanikubali?"

"Wanataka ununue kwanza. Nenda, waambie mimi nitalipa."

Alipiga hatua chache tu. Akasimama. Suruali yake ya kijivu ikaanza kubadilika rangi, mpaka kwenye kiatu alichokipiga rangi asubuhi. Soko zima likatazama pembeni. Ndiyo adabu yetu hiyo: mtu anazama, tunageuza uso asione tumemwona. Hakuna aliyesogea. Nilitoka na aproni yangu, nikamfunga kiunoni, nikamwingiza nyuma ya meza na kumkalisha kwenye kreti. Alikuwa analia bila sauti, tai imenyooka vilevile.

"Mwite Thelma aje aone kazi yake," Barry akasema.

Thelma alikuwa keshaitwa. Alikuja na ndoo, uso mwekundu, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa choo, ufunguo mkononi.

"Nafungua. Wameshinda, waache washinde. Mimi sitaua wazee kwa ajili ya hoja."

"Thelma!" Cyril aliita kutoka kwenye kreti. Sauti ya dereva wa basi, ile ya kuwaambia watu wasogee nyuma. "Weka huo ufunguo mfukoni."

"Mzee Cyril, tazama ulivyo."

"Najua nilivyo, nimekalia. Ukifungua leo, nimejikojolea bure." Akajifuta pua kwa aproni yangu. "Kikao chao ni lini?"

Kikao kilikuwa Jumatatu jioni, ukumbi wa mji, na wananchi wanaruhusiwa kuuliza. Kwa kawaida anakuja mzee mmoja wa kulalamikia njiwa. Safari hii tulijaa. Barry naye alikuja, alisema anataka kuona Thelma akiaibika.

Cyril akasimama. Tai, koti, kila kitu.

"Naitwa Cyril Nuttall. Nyinyi wengi nimewapeleka shule. Alhamisi nilijikojolea sokoni."

Mwanamke mbele yangu alianza kukagua vifungo vyake vya koti. Pomfret akawa mwekundu mpaka masikio.

"Mzee Nuttall, pole sana, lakini labda jambo hili tungelizungumza faraghani."

"Nami nilitaka liwe faragha, mheshimiwa. Ndiyo maana nilikuwa natafuta choo."

Kuna mtu alicheka, akajizuia. Pomfret akashika karatasi zake. Akasema anaelewa, lakini lazima tuangalie picha kubwa. Miji kama yetu imekuwa ikishuka kwa kizazi kizima, ni mwenendo wa nchi nzima, hakuna halmashauri inayoweza kuurudisha nyuma, watu wenyewe wameacha kuja mjini, utafiti umeonyesha.

"Utafiti tuliudanganya!"

Alikuwa Marjorie Clegg, mpiga kinanda wa kanisa, mwanamke ambaye hata neno "mguu" hulitamka kwa kunong'ona. Alikuwa amesimama.

"Mimi nilisema maegesho. Sina hata gari. Siku nikija mjini sinywi maji tangu jana yake. Mara mbili nimezimia."

Akasimama mwingine: yeye haji kabisa, na hajamwona dada yake wa upande wa pili wa mji tangu majira ya baridi. Mama mwenye mtoto mgongoni akasema anambadilisha nepi kwenye ngazi za benki iliyofungwa. Mwingine, mwingine. Miaka yote hiyo kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye mwili! Nilikuwa nimesimama bila kujua. Kisha Barry akainuka na kifua chake chote.

"Mimi natumia ndoo," akasema. "Nyuma ya friji."

"Friji ya nyama?" Marjorie akauliza.

"Sasa nina friji gani nyingine, mama?"

Ukumbi mzima ulipiga kelele za kichefuchefu, na katika kelele hizo Thelma akasema maneno machache tu, bila hata kusimama: "Hawa wamekubali kuumbuka, wamesema. Na nyinyi semeni. Mna fedha au hamna?"

Ilikuwepo. Haikuchukua hata wiki tatu kuonekana, fedha ile ambayo kwa miaka haikuwepo, ambayo uchumi wa dunia ulikuwa umeila. Ilikuwa kwenye fungu la kupamba mji.

Basi vyoo vikafunguliwa, na msafishaji wa kulipwa. Kazi alipata Nasreen, binti wa mwenye teksi za stendi. Thelma hakuomba, magoti yalikwisha. Siku ya ufunguzi Pomfret alikuja na mkasi na utepe, akatuambia kwamba halmashauri imesikiliza. Imesikiliza! Mtu umemvuta sikio mpaka limekuja mkononi, naye anasema amesikiliza. Vya bustani bado vimefungwa. Vya stendi bado. Daktari wa meno bado hatuna. Mtu asinieleze habari za ushindi.

Lakini watu walipanga foleni siku hiyo, Cyril wa kwanza, kanyoosha mgongo kama anayeingia kwa mfalme. Thelma aliingia baadaye, kama mteja. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka amenawa mikono, akamwambia Nasreen, "Nyuma ya bomba la mwisho hukufika."

"Nitapitia, mama."

"Kuzuri lakini. Unafanya mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tisa."

"Soko linafungwa saa kumi na moja. Hapo katikati nani anasafisha?"

Nasreen akatazama chini. "Walisema kama nitapenda kubaki kusaidia, kwa kujitolea tu, mpaka wapate..."

Thelma hakumsubiri amalize. Alimshika mkono yule binti, akawapasua watu katikati kuelekea kwenye meza ya keki, ambako Pomfret alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo.

"Mheshimiwa! Weka hicho kijiko chini."