Njugu Mawe za Mpanga Safari

Mpanga safari wa bohari ya chanjo hupanga njugu mawe mezani, moja kwa kila zahanati, kisha huzisogeza kwa kidole gumba akinong'ona majina ya vijiji. Siku Koleta, msaidizi wake, alipomletea ratiba iliyotungwa na kompyuta ya kawaida ikisaidiana na ya kwanta, aina mpya iliyoko ng'ambo, mzee huyo aliisoma mara mbili. Barafu ya makasha ya chanjo hudumu saa nane. Safari yake huchukua saba na nusu; hii ilitaka sita.

"Hiyo ya ng'ambo inafanya nini hasa?"

"Inachuja maelfu ya njia zibaki chache, mzee. Hii ya kwetu inachagua."

"Na kule zahanati ya Puge imempigia nani simu?"

Mzee akapiga simu mwenyewe, akaulizia hali ya watoto, wakwe, hata ng'ombe, ndipo akaulizia barabara. Daraja la huko lilikuwa limesombwa na maji alfajiri.

Koleta alingoja kusimangwa. Mzee akavuta kiti karibu na kompyuta. "Iambie daraja halipo. Tuone itapita wapi."

Ikatoa njia nyingine, ya saa sita na nusu. Mzee akazipanga njugu kwa kuifuata, moja moja, gumba likisita kila kituo. Ya Puge akampa Koleta.

"Kesho simu utapiga wewe, binti. Usisahau ng'ombe."