Hesabu za Draya, Hesabu za Setilaiti

Siku yangu ya kwanza kazini, Injinia Mkuu wa kiwanda hakunipa spana wala ovaroli. Alinisimamisha mbele ya draya, mtambo mrefu wa kukaushia majani ya chai, akanionyesha geji ya joto.

"Usiguse kitu, kijana. Tazama huu mshale, nikirudi uniambie umeona nini."

Nilikuwa nimetoka Kisii na cheti changu cha ufundi, nikidhani nitafungua mashine asubuhi hiyo hiyo. Nikatazama. Mshale ulipoteremka, mchochea moto wa boila, tangi la mvuke unaoipasha draya joto, alirusha kuni. Ukaendelea kuteremka, akarusha nyingine. Moto uliposhika kwelikweli, mshale ukapanda hadi kupita mahali pake, naye akakimbia kufunga hewa. Ukaanguka tena. Jasho lilimtiririka, na mshale haukutulia hata kidogo.

Injinia Mkuu aliporudi nilimwambia, "Mchochea moto ni mvivu, bwana."

Alicheka. "Hapa hakuna mwenye bidii kumshinda. Shida ni kwamba habari zinamfikia zimechelewa, naye anazijibu kwa nguvu zake zote."

Sikuelewa siku hiyo, ila hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia. Nikawa fundi wa vyombo vya kupimia na kudhibiti: joto, mvuke, unyevu, mwendo wa hewa. Vijana wa siku hizi wanakuta kompyuta ukutani na kudhani chai hujikausha yenyewe. Wakati wetu tulijifunza kwanza neno moja, mrejesho, maana yake mashine kuambiwa matokeo ya kazi yake ili ijirekebishe. Bila mrejesho unafanya kazi kama kipofu. Ukiwa nao lakini unakufikia umechelewa, unaweza kuharibu zaidi.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa upande wa Bomet, karibu na Ndanai, kufunga vidhibiti vya kwanza vya kujiendesha. Kidhibiti ni kisanduku kinachouliza mambo matatu: sasa hivi joto limekosea kiasi gani, makosa yamejilimbikiza kiasi gani, na je, kosa linakua au linapungua, na kwa kasi gani. Kazi ya fundi ni kuamua kila jibu lipewe uzito gani. Meneja wa kiwanda pale hakukipenda kisanduku changu.

"Kikiunguza chai yangu," alisema, "utakunywa yote wewe, bila sukari."

Nilikipangilia kwa siku nyingi. Mshale ulipotulia hatimaye, Meneja alisimama mbele yake amefunga mikono nyuma kama mtu aliye kanisani. Hakunipongeza. Aliondoka, akarudi na mhasibu, akamwambia, "Angalia. Hakuna mtu anayeushika."

Nilimalizia kazi katika kiwanda kingine karibu na Kiptere, kisha nikastaafu, nikajenga Roret. Nilidhani mambo ya vidhibiti nimeyaacha huko.

Mwaka jana jirani yangu, Mama Chelangat, aliingia kwangu na kikapu cha kuchumia chai bado mgongoni. Binti yake alikuwa chuo kikuu akisomea uhandisi wa vyombo vya angani.

"Mzee Ondieki, huyu mtoto ameanguka mtihani. Mara mbili sasa. Anasema hatarudi, atabaki kuchuna chai na mimi. Wewe ulifanya kazi ya mitambo. Ongea na yeye."

Chelangat alikuja alasiri hiyo na kompyuta yake chini ya mkono. Msichana mrefu, mpole, macho yamevimba. Alikuwa na somo moja la mwisho la kurudia, nusu yake mifumo ya udhibiti, nusu yake hesabu za obiti, yaani njia ambayo setilaiti hufuata kuizunguka dunia. Akishindwa tena, nafasi yake chuoni inaondoka.

"Mzee, unajua mambo ya obiti?"

"Sijui hata kidogo. Nionyeshe hilo lingine."

Akafungua mchoro. Setilaiti ilitakiwa iitazame dunia daima. Ndani yake kuna gurudumu linaloendeshwa na mota. Gurudumu likizungushwa upande huu, setilaiti hugeuka upande ule. Lakini katika hesabu zake setilaiti ilipita shabaha, ikarudi, ikapita tena, na kila mara ikapita zaidi.

"Imekataa kutulia," alisema. "Nikiongeza nguvu inakuwa mbaya zaidi. Hii kitu inanichekelea."

Mstari ule wa kupanda na kushuka kwenye mchoro niliujua kama ninavyoujua uso wa ndugu yangu. Nilimsimulia habari za yule mchochea moto: kuni, hewa, jasho, na maneno ya Injinia Mkuu. Kisha nikamuuliza, "Na huko juu, ni kitu gani kinachoipunguzia mwendo? Draya hupoteza joto yenyewe."

"Hakuna kitu. Hakuna hewa." Akauinamia mchoro. "Hakuna kitu kabisa, Mzee. Mimi nimeipa nguvu ya kusukuma tu. Sijaipa breki."

Alianza kuandika upesi. Akaongeza uzito wa lile swali la tatu la kidhibiti, la kasi ya kosa, ambalo ndilo breki, akapunguza nguvu ya msukumo. Mstari mpya ukapanda, ukainama kidogo, ukanyooka. Tulitazamana. Hesabu zilezile zilizokausha chai ya Ndanai zilikuwa zinageuza chombo mahali ambapo hata hewa haipo! Nilihisi kama nimefungua mlango wa stoo yangu nikakuta nje yake ni anga.

Lakini obiti zilibaki. "Fomula nimekariri," alisema, "ila swali likigeuzwa kidogo ninapotea."

"Basi nifundishe mimi. Mimi ni mwanafunzi mgumu."

Alasiri baada ya alasiri alinifundisha mezani, chai ikipoa. Nilianza na swali la mtoto: kwa nini setilaiti haianguki?

"Inaanguka," alisema. "Inaanguka kila wakati. Lakini inaenda mbele kwa kasi sana, na ardhi inajipinda chini yake. Kwa hivyo inaikosa."

Siku nyingine aliniuliza: setilaiti ikitaka kuifikia nyingine iliyo mbele yake kwenye obiti ileile, ifanye nini?

"Iongeze mwendo."

"Hapana, Mzee. Ipunguze."

Nilikataa. Tukabishana hadi Mama Chelangat akatusikia kutoka kwake. Ndipo Chelangat akaacha fomula zake na kuanza kutafuta njia ya kunishawishi mimi, mzee mbishi. Ikipunguza mwendo, inashuka karibu na dunia. Ikishuka, mvuto wa dunia unaikimbiza kuliko mwanzo, tena njia yake ni fupi. Inampita mwenzake kwa chini. Alinifanya nikokotoe mwenyewe, na jibu likatoka kama alivyosema. Nilipoinua kichwa, alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Sasa nimeielewa," alisema. "Nilipokuwa nakueleza."

Alirudi chuoni, akafanya mtihani. Matokeo yalipotoka alimpigia mama yake kwanza, nami nikajua kwa vigelegele vilivyovuka ua. Kisha simu yangu ikalia. "Mzee, nimepita! Na swali la obiti lilikuwa limegeuzwa." Sasa yuko kwenye kikundi kinachounda setilaiti ndogo, na sehemu yake ni hiyohiyo ya kuifanya itulie.

Watu huniuliza kama ninaikumbuka kazi. Ninawakumbuka wakubwa wangu, harufu ya chai mbichi, joto la boila. Lakini ninalobeba zaidi ni jambo ambalo Chelangat aliniambia siku ya kuondoka kurudi chuoni, amesimama mlangoni na begi. Nilimwambia ninaionea huruma setilaiti, kuanguka maisha yake yote.

"Lakini hata sisi, Mzee," alisema. "Dunia nzima inaanguka kuelekea jua. Inalikosa tu."

Kesho yake nilitoka nje na kikombe. Wachumaji walikuwa wameshaingia kwenye mistari, ng'ombe wa jirani alikuwa anakamuliwa, mtu alikuwa akiimba kule chini mtoni. Mlima wetu wote ulikuwa unaanguka, pamoja na chai yake na watu wake, kwa kasi nisiyoweza kuiwaza. Nilitazama kikombe changu. Hakuna tone lililotikisika.